Jambazi Aliyepiga Hodi

Mama yangu na shoga yake walinuniana miaka minne, na chanzo chake kilikuwa mimi na filamu ya kauboi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia maisha yao huku wakijisafisha njiani, mpaka wakifika mwisho hakuna aliyekosa ila shetani.

Tulikuwa tunakaa Winson Green, Birmingham, katika safu ya nyumba zilizobanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia afya bila kuinuka. Mtaa wa pili ulikuwa na ukuta wa jela, na ndani ya jela hiyo ndimo mama alimokuwa akifanya kazi. "Ofisini," ndivyo alivyowaambia wanawake wenziwe wa Unguja, na wao wakalipokea neno hilo kwa heshima, maana kina mama wetu wengi walikuwa viwandani na majikoni, na ofisi ilikuwa na harufu ya karatasi. Kweli mama aliingia ofisini. Aliingia saa kumi na moja alfajiri, akapiga deki, akatoka, akaenda kwenye vyoo. Joho lake la kazi la buluu lilianikwa sebuleni juu ya hita, siku ambazo mgeni hatarajiwi tu.

Baba alikuwa amerudi Unguja kwa muda, na huo muda ukapata mke na watoto wawili. Kwa hiyo mama alibaki na mimi, ambaye sikuwa na faida sana, na shoga yake, ambaye alikuwa na faida kubwa. Shoga huyu alikuwa Msomali aliyelelewa Mombasa, mwanamke mrefu, sauti nene, anakaa Lozells juu ya duka la mboga. Mimi nilimwita mama mdogo. Alikuwa anasafisha mabehewa ya treni kule Tyseley na hakumficha mtu. Katikati ya harusi, biriani iko mdomoni, utamsikia: "Mimi nasugua vyoo vya treni! Mwavijua vyoo vya treni nyinyi? Shukuruni Mungu hamvijui!" Watu wakacheka, na mama akacheka nao, huku anatazama pembeni.

Basi Jumapili moja ya mvua, mimi niko na miaka kumi na tisa, nimejilaza kwenye kochi natazama kauboi. Mama ametoka zamu yake ya asubuhi, yuko juu chumbani amelala. Kwenye filamu majambazi wamefika benki. Wametega baruti chini ya mlango, utambi unawaka, na wale wa genge la pili wanakuja mbio na farasi ili wawahi kuiba wao. Hapo ndipo niliposikia hodi.

Mama mdogo hakupiga kengele hata siku moja. Kengele, kwa maoni yake, ni ya watu wa mita ya gesi. Yeye alikuwa anainama, anafungua tundu la barua kwa vidole viwili, na kuita kwa humo. "Hodi!" Niliijua sauti. Nikasema moyoni, subiri kidogo, utambi. "Hodi, wenyewe!" Nikasema nakuja, tena moyoni, maana mdomo ulikuwa na karanga. Hodi ya tatu ilikuja chini chini, kama mtu anayejisemea. Halafu mlango wa benki ukalipuka, nikatazama moshi mpaka ukatulia, nikainuka kwenda kufungua. Mtaa mzima ulikuwa mtupu, mvua inanyesha. Nikarudi kukaa. Mwisho wa filamu yenyewe ulikuwa mbaya.

Sote tumelelewa hivyo: hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unageuka kwenda zako bila kinyongo, maana pengine wenyewe hawapo au hawako katika hali ya kupokea mtu. Lakini hiyo ni sheria ya nyumba iliyo kimya. Yetu ilikuwa inapiga risasi.

Jioni tukapata habari kwa watu. Mama mdogo alikuwa amepigiwa simu mchana ule kutoka Mombasa, mamake amefariki. Yaliyobaki niliyaunganisha mwenyewe: alikata simu, akavaa koti, akatembea kwa miguu kutoka Lozells mpaka kwetu ili mtu wa kwanza kumwambia awe mama yangu. Alisimama mvuani mbele ya tundu la barua, akasikia televisheni, akasubiri aitikiwe karibu. Hakuipata.

Siku ya pili mama alikwenda matangani. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye godoro, anapokea pole za watu wote, na ilipofika zamu ya mama akampa ncha za vidole na kugeuzia uso ukutani. Mama akarudi nyumbani analia. "Sijui nimemkosea nini," akasema. Maneno hayo aliyarudia miaka minne, jikoni, kwenye basi, kwenye simu na dada zake, sijui nimemkosea nini, na kila akiyasema mimi niko hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha mama kilikuwa kinaosha vyombo na kukaa kimya.

Ningeweza kusema siku ile ile. Ningeweza kusema wiki ya pili. Baada ya mwezi nikajiambia limeshapita, na baada ya mwaka likawa kubwa kuliko mimi. Nilikuwa mwoga, hakuna neno jingine.

Ugomvi wa watu wawili haukai kwa watu wawili, hasa ugenini ambako watu hawana la kufanya Jumamosi. Kina mama wa Kizanzibari wakasimama upande wa mama bila kujua ni upande wa jambo gani. Kina mama wa Mombasa wakasimama na wa kwao. Idi ya wanawake, ambayo zamani ilikuwa moja, ikawa mbili, kumbi mbili, kamati mbili, kila kamati ina mwenyekiti na katibu na mtu wa kupeleleza kamati ya pili imepika nini. Watu wazima, wenye sukari na presha na pasi nyekundu za kusafiria, walikuwa wanapishana sokoni kama hawaonani. Nilisikia mmoja akiapa kwamba mahamri ya wale ni magumu kwa sababu ya roho zao.

Mwaka wa nne ukumbi mmoja ukafungwa kwa matengenezo. Ikabaki nafasi moja, Jumamosi moja, ukumbi mmoja hapo Lozells. Kamati zikalazimika kukutana, na baada ya mikutano mitatu ya kunyimana viti wakakubaliana kitu kimoja tu, kwamba kuwe na mchezo wa kuigiza. Kazi ya kuuandika nikapewa mimi. Sifa zangu zilikuwa mbili: nasoma chuo, na nina kompyuta.

Wakati huo huo habari nyingine ilikuwa inazunguka. Mama mdogo anahama. Mwanawe wa Kanada amemwita, tiketi imekatwa, anaondoka wiki mbili baada ya Idi na harudi tena. Mama alipoambiwa alikuwa jikoni. "Safari njema," akasema, akiliambia sufuria, akasahau kukoroga mchuzi wa nazi mpaka tui likakatika. Mama yangu hakuwahi kukata tui. Nikamtazama mgongo wake, nikajua kuwa akiondoka yule mwanamke bila wao kusemezana, mama atabaki peke yake na swali ambalo jibu lake ninalo mimi. Nilikuwa na wiki sita.

Mtu jasiri angekwenda Lozells akapiga hodi na kukiri. Mimi niliandika mchezo wa kauboi.

Kamati ilitaka mchezo wa ndoa, au wa watoto wanaojibu Kiingereza wakisemeshwa Kiswahili. Nikawaambia huu ni mchezo wa tamaa na mwisho wake, wakaridhika, maana una mafunzo. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mji wenye vumbi, benki moja, magenge mawili. Kila genge linapanga kuiba benki ile ile, siku ile ile, saa ile ile, na kila moja linajiona ndilo lenye akili. Genge la kwanza nikawapa Wazanzibari, kiongozi wao mama. La pili nikawapa watu wa Mombasa, kiongozi wao mama mdogo. Ukarani wa benki akapewa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anapenda sherehe za watu, kwa kuwa hakuwa na upande. Mimi ningekaa ndani ya sefu, yaani boksi la friji lililopakwa rangi nyeusi, na karatasi zangu, nikimnong'oneza anayesahau maneno.

Niliwaandikia viongozi mistari kumi na minne ya kusemezana. Mistari mizuri, ya matusi ya heshima, ambayo mtu akiianza atajikuta anacheka katikati. Mama alipopewa karatasi alichukua kalamu, akakata yote ya kwake. Mama mdogo alikata yote ya kwake bila kujua kuwa mwenzie ameshakata. Nikabaki na mchezo wa mahasimu wawili wasiotamkiana hata neno.

Mazoezi yalikuwa Jumapili mchana. "Mwambie mwenzio huyo asogee kushoto," mama ananiambia, na yule mwenzio yuko hatua mbili mbele yake.

"Mwambie nasikia," anajibu mama mdogo. "Masikio n'nayo. Hata mimi hupenda mtu akisikia."

Hilo la mwisho lilinichoma, na nikajifanya napekua karatasi. Mama naye aliinama kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Farasi wetu walikuwa mifagio. Kila mtu aje na wake, tulisema, na wakaja na ya majani na ya plastiki, wengine wameifunga utepe. Mama alikuja na mopu ya kupigia deki, mopu ya maana, mpini mrefu mwekundu. "Nimeinunua sokoni," akasema kabla hajaulizwa. Mama mdogo aliutazama ule mpini. Akamtazama mama usoni. Akafungua mdomo, akaufunga, akageuka kumkemea mtu wake mmoja aliyepanda fagio kichwa chini. Nilidhani ametafuta tusi likamkosa.

Tatizo kubwa likawa mlango. Mchezo ulisema hivi: genge la mama limeshaingia benki kwa kupitia darini, limeshamkamata karani, na hapo genge la pili linafika, kiongozi anapiga mlango teke na kupiga ukelele, "Mikono juu!" Mama mdogo alifika mbele ya mlango wa benki, kipande cha boksi, akainua mguu, akaushusha.

"Siwezi," akasema.

"Mama mdogo, ni boksi tu."

"Najua ni boksi. Lakini mimi nivunje mlango wa watu, mchana, bila hodi? Watanambiaje wanangu? Aibu hii wataka niende nayo Kanada?"

"Lakini wewe ni jambazi!"

"Jambazi sawa. Lakini nililelewa."

Nikatazamia wengine wamcheke. Hakucheka mtu. Kina mama wa pande zote mbili walitikisa vichwa na kusema kweli, hilo la teke halijakaa vizuri, watoto watakuwa wanatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kukubaliana jambo. Basi jambazi atapiga hodi, na karani wa Kikongo atamwambia karibu, halafu ndipo ataiba. Niliandika hivyo na nikalisoma mara mbili, kwa sababu sikuwa nimelipanga.

Idi ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Kina mama walitoka nyuma ya pazia na kofia za kauboi juu ya mitandio, masharubu yamechorwa kwa wanja, na viunoni wamechomeka ndizi mbichi badala ya bastola. "Auntie, why's your horse a mop?" aliuliza mtoto wa mtu, eti mbona farasi ni mopu, ukumbi mzima ukasikia. Mama alipanda mopu yake, akazunguka jukwaa mara mbili, na nikaona kwa kitundu cha sefu kwamba yule mwanamke mkimya wa jela amepotea na amekuja jambazi wa kweli, anafurahi.

Furaha ndiyo iliyoharibu. Genge la mama liliingia benki kwa fujo, likamkamata karani, na badala ya kumfunga mikono peke yake kama tulivyofanya mazoezini, wakanogewa. Wakachukua kanga, wakamfunga na mdomo. Wakafunga fundo la mizigo ya kuhama nyumba. Mama wa Kikongo akapiga miguu, "Mmm! Mmm!" na watu wakaangua vicheko. Wakadhani anaigiza.

Hapo genge la Mombasa likafika mlangoni, mifagio sita. Mama mdogo akashuka farasi wake. Akainama, maana mlango tulikuwa tumeutoboa tundu la barua ili watoto waujue kuwa ni mlango.

"Hodi!"

"Mmm!" alisema karani.

Vicheko tena. Karani akamtolea mama macho, akaelekeza kidevu kwenye mlango. Mtu wa genge la mama akafungua mdomo kuitikia, na mwenzie akamfinya, kwa sababu kiongozi yupo. Benki wakati ule ilikuwa mikononi mwa mama. Mwenye nyumba alikuwa yeye. Mama alisimama na mopu yake, anatazama taa za dari.

"Hodi, wenyewe!"

Vicheko vikapungua. Watu wazima walikuwa wamekwishahesabu. Bibi mmoja wa mbele alianza, "Ka..." akajikatiza mwenyewe, maana si kwake. Nikaweka mdomo kwenye tundu la sefu. "Mama, sema karibu." Alinisikia. Niliona taya lake linasogea. "Mama, tafadhali."

Hodi ya tatu ilikuja chini chini. Ilikuwa sauti ile ile ya Jumapili ya mvua, neno kwa neno, na nilitambua kuwa mama mdogo alikuwa ameacha kuigiza tangu hodi ya pili. Alisimama kidogo. Kisha akafanya alichofundishwa na mamake, akageuka kwenda zake. Majambazi wake wakatazamana, wakageuza mifagio, wakamfuata. Benki iko wazi, polisi hakuna, na genge zima linarudi nyumbani kwa sababu halikukaribishwa.

Nilisukuma mlango wa sefu nikatoka.

"Nilikuwepo!" nikapiga kelele. "Mama mdogo, nilikuwepo! Ile Jumapili! Nilisikia hodi zote tatu, nilikuwa natazama kauboi, sikufungua. Ni mimi!"

Mtu wa nyuma alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya mchezo, na kusema kweli ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Mama mdogo alirudisha kichwa, akachungulia juu ya mlango. "Wasema nini wewe?" Nikayarudia, safari hii nalia, kamasi zinanitoka mbele ya watu mia mbili. Mama alinitazama. Akamtazama shoga yake. Uso wake ukapitiwa na kitu ambacho wakati ule nilikiita mshtuko.

"Karibu," akasema, kwa sauti ndogo. Halafu kwa kubwa: "Karibu, shoga. Karibu ndani."

"Nishakaribia," alisema mama mdogo, akaingia benki akiwa ameinamisha kichwa, ingawa ule mlango haukuwa na kizingiti cha juu. Wakakumbatiana. Ndizi zikaanguka. Walilia kwa muda ambao ungeharibu mchezo wowote, na walipoachana masharubu ya mama yalikuwa yamehamia kwenye shavu la mwenzie. Kisha wakanigeukia wote wawili.

"Huyu tumfanyeje?" aliuliza mama mdogo.

"Mfunge," alisema mama.

Wakamfungua karani wa watu, wakachukua kanga ile ile wakanifunga mimi kwenye kiti cha benki, magenge yote mawili yakishirikiana. Mama wa Kikongo akavuta pumzi, akanionyesha kwa kidole. "Voilà! Mwizi ni huyu! Mi nilikuwa najua, benki haiibiwake na mutu wa inje!" Ukumbi ukasimama kwa makofi. Mpaka leo kuna watu wanasema hawajapata kuona mchezo mzuri kama ule, na kamati ilieleza kwenye kipaza sauti kuwa mafunzo yake ni watoto kutazama televisheni kupita kiasi.

Mama na shoga yake walikwenda jikoni, wakafunga mlango, wakakaa humo saa nzima. Nilisikia kilio, kisha nikasikia kicheko kirefu. Mimi nilikuwa nabeba masinia. Mwenye kosa habebewi, hubeba. Kwa wiki mbili zilizobaki mama mdogo alikuja kwetu kila siku, na kila alipofungua tundu la barua nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla hajamaliza "ho". Siku ya safari alinibusu kwenye paji la uso, akaniambia nisome kwa bidii na niuze televisheni.

Yeye akaenda Kanada, nami nikabaki na jina. Yule wa hodi. Kila Idi lazima mtu aseme, "Mlangoni kakaa nani? Asiwe yule wa hodi!" Mama mmoja aliyekuwa ananitazama niolewe na mwanawe aliacha kunitazama, akasema msichana asiyesikia mlango hatasikia mtoto akilia. Nilivumilia yote. Nilijiona nastahili, tena nilikuwa na raha ya mtu aliyelipa.

Miaka miwili baadaye, mchana mmoja, mama alikuwa amemaliza kuzungumza na shoga yake kwa simu, kadi nzima imekwisha. Alikaa kwenye kochi na kunyoosha joho lake la buluu juu ya hita. Siku hizo lilikuwa linaanikwa hapo waziwazi, aje nani asije nani. Alilipapasa, akasema bila kunitazama.

"Ile Jumapili. Na mie nilisikia."

Nikamwuliza Jumapili ipi, ingawa nilijua.

"Sikuwa nimelala. Hodi ya mwanzo nilikuwa juu ya ngazi. Ya pili nimeshafika katikati. Nikaliona joho hili hapa, limetandazwa, na jina la jela mgongoni. Nikasema akiingia ataliona. Nikangoja wewe uinuke ufungue, nipate kukimbia nalo jikoni. Hukuinuka. Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Alipokwenda zake nikasema alhamdulillahi, Mungu kanisitiri." Akaligeuza joho. "Kumbe mwenzangu kafiwa na mamake."

Alilia, na mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumpa hata karatasi ya kujifutia. Nilifikiria masinia. Nilimfikiria yule mama na mwanawe. "Kwa nini hukusema siku ile ukumbini?"

"Nilitaka kusema," akasema. "Ukasema wewe."

"Na mama mdogo hajui?"

"Anajua. Nilimwambia siku ile ile, jikoni. Yeye akanambia alikwishajua kuwa napiga deki, tangu siku ya mwanzo ya mazoezi. Mpini mwekundu ni wa vyoo vya makazini, nchi nzima hii. Kanambia, 'Shoga, miaka minne tumenuniana, na farasi wako mwenyewe ni wa chooni!' Tukacheka mpaka tukakaa chini."

"Mkaniacha mimi nibebe? Miaka miwili?"

"Nilimuuliza hivyo. Akasema tukuache kidogo, wewe kijana, una mgongo." Alijifuta macho kwa mkono wa joho. "Na kwani uongo? Hukusikia?"

Nilisikia. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba sikuwa na pa kushika. Nilitoka nikazunguka ukuta wa jela mara mbili kwenye baridi, nikarudi, nikamkuta amepika. Tukala. Hatukulizungumza tena, na sikumwambia mtu, kwa hiyo kwa kina mama wa Birmingham mimi bado ni yule wa hodi.

Mama sasa ni mzee na miguu haimchukui. Anashinda chumbani juu. Lakini mtu yeyote akigusa mlango wetu, mtu wa posta, mtu wa mita ya gesi, watoto wanaouza bahati nasibu ya shule, hawajaondoa mkono kwenye mbao utamsikia huko juu anaitikia kwa nguvu zake zote, "Karibu! Karibu ndani! Tupo!" Wao hawaelewi neno hata moja. Mimi nashuka nafungua.